Kifua cha Khalfani

Mwajabu alikuwa uani anaanua nguo pale mumewe alipovua singlendi ili aoge, akajua papo hapo kwamba kuna mwanamke.

Khalfani alikuwa mtu wa nywele kifuani, nyingi, nyeusi, za kujikunja, na katika ndoa yao yote hakuwahi kuzigusa kwa wembe. Sasa zilikuwa na mapengo. Duara moja chini ya bega la kulia, jingine chini ya bega la kushoto, jingine chini zaidi, karibu na ubavu. Ngozi ilikuwa imenyolewa vizuri, kwa mkono uliotulia, usio na haraka.

"Nani kakunyoa?" aliuliza.

Khalfani alijifunika taulo. "Cheche. Nilikuwa nachomelea geti, zikaruka."

"Cheche zinanyoa duara?"

"Mama Naima, niache nioge."

Alipoingia bafuni, Mwajabu aliiokota ile singlendi akainusa. Haikuwa na manukato. Manukato angeyataja kwa jina. Ilikuwa na utando mkavu, kama ute wa yai uliogandia kwenye kitambaa, usio na harufu yoyote. Hilo lilimtisha zaidi.

Mwajabu alikuwa kungwi na mpambaji wa maharusi. Kuanzia Mtoni hadi Yombo, mwali asiyepita mikononi mwake hakuhesabiwa kuwa amepambwa. Aliwasinga kwa liwa na dalia, akawachora hina na piko, kisha akafunga mlango akawafundisha namna ya kukaa na mume. "Mume hatoki ghafla," alikuwa akiwaambia. "Anatoka kidogo kidogo, na mwenye macho anamwona." Mama yake mwenyewe hakuwa na macho hayo. Alipata habari za mke mwenza siku mke mwenza alipoingia uani na kitanda chake, na Mwajabu, wakati huo kasichana, ndiye aliyetumwa kumpelekea bibi harusi maji ya kuoga. Ndoo ile hakuisahau.

Basi akaanza kumchunguza mumewe. Aliona kwamba siku hizi analala ameegemea mito kama mtu aliyeko safarini, na yeye akimsogelea anainuka akakae kwenye kiti. Aliona kwamba akitoka msikitini anasimama kwenye nguzo ya umeme, anasimama tena kwenye duka la Mangi, kama mtu anayepoteza muda ili asifike kwake mapema. Viatu vyake vya Ijumaa vilikataa kuingia, akanunua sendozi mpya, na mwanamume mwenye viatu vipya ana pa kwenda. Chakula hamalizi. Kikohozi kinamshika akilala ubavu wa kushoto, yaani akimgeukia yeye mkewe. Yote hayo Mwajabu aliyatia kwenye kapu moja. Lililokosekana lilikuwa jina la huyo mwanamke tu.

Zuena ndiye aliyeleta sehemu iliyobaki. Alikuwa jirani wa ukuta mmoja, mtembeza khanga aliyefika mitaa yote ya mji.

"Shoga, mie nisingesema," alianza, akiwa ameshakaa kwenye mkeka.

"Sema."

"Nimemwona baba Naima Sinza. Anaingia kwenye gesti moja ina geti la kijani. Na si mara moja."

"Peke yake?"

Zuena alitazama kucha zake. "Kuingia, peke yake."

Jumatano Khalfani alioga mapema, akavaa shati la mikono mirefu, akasema anakwenda Kariakoo kutafuta nondo. Mwajabu alimwacha afike mwisho wa mtaa, akavaa baibui, akatoka. Maneno atakayoyasema alikuwa ameshayapanga. Aliyarudia kimoyomoyo njia nzima.

Geti la kijani lilikuwa kama Zuena alivyosema. Juu yake kulikuwa na bango la gesti lenye herufi nyekundu, kubwa kama shuka. Pembeni kulikuwa na kibao kingine kidogo, kimezibwa na maua ya bogenivilia, na Mwajabu hakuhangaika nacho. Alikaa kwenye kibanda cha soda ng'ambo ya barabara. Mumewe alifika baada yake, kwa mwendo wa polepole, akaingia. Hakuinuka. Alitaka amwone na mwenzake.

Redio ya kibandani ikanyamaza katikati ya wimbo. "Mgao huo," muuza soda alisema, na mtaa mzima ukaguna. Haukupita muda geti likafunguka, wakatoka wawili. Mwanamke alikuwa mwembamba, mrefu, kafunga nywele nyuma, mikono ya blauzi kaikunja. Alikuwa amemshika Khalfani kiwiko. Alimkalisha kwenye ukingo wa kibaraza, akachukua kipande cha boksi akawa anampepea, akamwambia jambo. Khalfani akacheka.

Kicheko hicho ndicho kilichomwinua Mwajabu. Nyumbani hakuwa amekisikia tangu masika.

Maneno yote aliyoyapanga yalimpotea. Alivuka barabara akasimama mbele yao, na kilichomjia mdomoni ni, "Huyu ndiye mnyozi wako?"

Khalfani alijaribu kusimama, akashindwa. "Mwajabu..."

"Mie nampikia, mie namfulia, kumbe kuna mtu anampepea!"

"Taratibu, mama," yule mwanamke alisema, kwa lafudhi ya watu wa Bukoba. "Huyu ni mgonjwa. Nilikuwa nampima moyo."

"Moyo!" Mwajabu aliwageukia watu, maana walikuwa wameshaanza kukusanyika, fundi baiskeli, wauza maji, mpaka mhudumu wa gesti na mashuka yake begani. "Jamani, siku hizi moyo unapimwa gesti!"

Watu walicheka. Yule mwanamke alikwenda ukutani akaisogeza ile bogenivilia kwa mkono. Kibao kilisema kliniki ya moyo na kifua, mlango wa nyuma. Tangu serikali iruhusu tena matibabu ya watu binafsi, kliniki zilikuwa zinaota popote palipopatikana chumba, na hii ilikipata uani mwa gesti.

"Njoo uone," alisema.

Mwajabu alimfuata. Kilikuwa chumba kidogo chenye pazia zito. Kulikuwa na kitanda chembamba, koti jeupe kwenye msumari, chupa laini ya jeli, na mashine yenye kioo kama cha televisheni, kimezimika.

"Jina lako nani?"

"Kokushubila."

"Wewe ni daktari?"

"Hapana. Mie ni mtaalamu wa kipimo. Nautafuta moyo kwenye hiki kioo, naupiga picha ukiwa unafanya kazi, napima. Daktari anasoma, ndiyo anaamua. Anakuja Jumamosi."

"Kumbe hata daktari si daktari." Sauti ya Mwajabu ilipanda tena. "Mwanamke asiye daktari, kajifungia na mume wangu, kavuta pazia, kazima taa."

"Pazia ni kwa ajili ya kioo, mama. Kwenye mwanga sioni kitu. Na zile sehemu zilizonyolewa ni za kubandika nyaya. Kwenye nywele hazishiki."

"Nani alimnyoa?"

"Mie," alisema.

Khalfani alikuwa amefika mlangoni, kashika fremu kwa mikono miwili. Jasho lilikuwa linamtoka usoni, na hakumtazama yeyote kati yao. "Twende nyumbani," alisema. "Mie hapa sirudi tena."

"Kipimo hakijaisha," Kokushubila alisema. "Umeme umetukatikia katikati, mara ya pili sasa. Mzee Khalfani, usiondoke. Hili si jambo la..."

Lakini alikuwa ameshageuka.

Walipofika kwao Tandika, Khalfani alikaa kwenye kiti akaangalia sakafu.

"Kwa nini hukuniambia unaumwa?" Mwajabu aliuliza.

"Ningekwambia nini? Nimekonda, nakohoa. Siku hizi fundi akikonda mtaani wanasema kakanyaga miwaya, ana ule ugonjwa. Nilitaka nijue kwanza ni nini."

"Hata mie nisiambiwe?"

"Hasa wewe. Ungeniuliza nimeupata kwa nani."

Mwajabu alijua ni kweli. Angeuliza hivyo, na angeuliza kabla ya kumwekea maji ya moto. Hata hivyo kilichomchoma hakikuwa hicho. Yule mwanamke alijua na yeye hakujua. Kwa wiki kadhaa mgeni mmoja wa Sinza alikuwa anaijua siri ya mwili wa mumewe, huku mkewe wa ndoa akinusa singlendi.

Angeweza kumwambia arudi akamalize kipimo. Hakumwambia. Alijisemea kwamba Khalfani mwenyewe ndiye aliyekataa, na mtu mzima halazimishwi. Alianza kumpikia supu ya pweza na uji wa ulezi, akamsugua mgongo kwa mafuta ya mkaratusi, akalala jirani na kile kiti. Ndani kabisa, alifurahi kwamba mumewe haendi tena Sinza.

Furaha hiyo haikufika mbali. Adhuhuri moja alikuwa anamsinga mwali huko Mtoni, akaitwa nje. Jamali, fundi mwenzake Khalfani, alikuwa amesimama uchochoroni anahema.

"Shemeji, njoo. Braza kaanguka."

Alimkuta karakanani, chini ya mabati, kaegemezwa ukutani. Geti alilokuwa akilinyanyua lilikuwa limelala kando. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi, na alikuwa akikohoa povu lenye wekundu ndani yake. Watu walikuwa wamesimama mbali, wanatazamana. Mwajabu aliwapita, akapiga magoti, akampangusa povu kwa ncha ya khanga yake. Mikono ilikuwa bado na dalia, ikaacha rangi ya njano kwenye mashavu ya mumewe. Alimshika hivyo hivyo mpaka gari likapatikana.

Hospitalini walimwekea hewa, wakamchoma sindano za kutoa maji mwilini. Alikojoa usiku kucha, na asubuhi aliweza kusema maneno mawili matatu bila kupumzika. Daktari wa wodi aliitwa Brightson. Alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, na alikuwa huyo huyo aliyekuwa akienda Sinza kila Jumamosi kusoma picha.

"Mama, nina nusu ya kipimo cha mumeo," alimwambia Mwajabu kwenye korido. "Ndani ya moyo kuna vilango. Kimoja cha kwake kimebana, damu haipiti vizuri, inarudi inajaa mapafuni. Nahitaji kujua kimebana kiasi gani. Inawezekana apasuliwe. Akipona kidogo, arudi Sinza."

"Kwa yule binti?"

"Kwa Kokushubila, ndiyo."

"Hakuna mwanamume anayefanya kazi hiyo?"

Dokta Brightson hakucheka. "Wapo wanaojifunza. Mie mwenyewe nimefundishwa, naweza kukishika kile kifaa. Lakini mie napima mara mojamoja, yeye anapima kila siku. Angekuwa baba yangu, ningempeleka kwake."

"Na yeye si daktari."

"Si daktari. Kazi yake ni hiyo, aliisomea. Mie nasubiri picha zake ndiyo niseme neno."

Mwajabu alikwenda Sinza peke yake. Alipita geti la kijani akiwa ameshusha ushungi, maana muuza soda alimtambua na kumwonesha mwenzake. Kokushubila alimwona, akamsalimia kwa kichwa, akaendelea na wagonjwa. Alimwacha kwenye benchi mpaka wa mwisho akaondoka.

"Nimekuja kuomba radhi," Mwajabu alisema.

"Omba."

Mwajabu alishtuka. Alizoea watu kusema yaishe kabla hajamaliza. "Nilikukosea. Nilikuvunjia heshima mbele ya watu."

"Unajua mwenye gesti aliniuliza nini kesho yake? Aliniuliza kama atutengee chumba. Mchumba wangu anakaa Kimara, na maneno yalimfikia kabla sijateremka kituoni. Mpaka leo ananiuliza wanaume wangapi nimewapima." Alisema hayo huku anafuta kioo cha mashine, polepole, mahali pale pale. "Kila mtu ana wivu. Ila wa kwako ulinimwagia mie."

"Nisamehe, mdogo wangu."

Kokushubila alitundika kitambaa. "Mlete Alhamisi, jenereta imetengenezwa. Na utaingia na wewe. Utakaa pale kwenye stuli ninapokuona. Nywele zitakuwa zimeshaanza kuota. Utamnyoa wewe."

Alhamisi Mwajabu alimnyoa mumewe. Alikuwa amekwishanyoa maharusi wengi, lakini safari hii alifuata duara za mwenzake, moja moja. Khalfani alilala ubavu wa kushoto, mkono kichwani. Pazia likavutwa, taa ikazimwa. Kokushubila alikaa nyuma yake, akapitisha mkono juu ya ubavu wake mpaka chini ya chuchu, na kwa yeyote ambaye angefungua mlango wakati ule, walikuwa wamekumbatiana. Mwajabu aliung'ata ulimi. Akamtazama yule binti machoni. Macho yalikuwa kwenye kioo, na hayakutoka huko.

Kisha na yeye akatazama. Kwenye kiza cha kijivu kitu kilikuwa kinafunguka na kujifunga, kinafunguka na kujifunga, kama mdomo wa samaki aliyetolewa majini.

"Ndio huo?" alinong'ona.

"Ndio huo," alisema Kokushubila.

Mwajabu alimpenda mtu huyu tangu akiwa na miaka kumi na tisa, akaapa kwamba moyo wake anaujua. Hakuwahi kuuona. Mwenzake ameshauona mara tatu, tena anajua amguse wapi ili ageuke vizuri.

"Ulipokuwa mdogo uliumwa sana?" Kokushubila alimwuliza Khalfani, huku mkono unatafuta.

"Niliumwa homa. Kwetu Kimbiji. Magoti yalivimba, nikakaa ndani msimu mzima, wenzangu wanacheza."

Mwajabu aligeuka. Jambo hilo hajawahi kulisikia.

"Na kukosa pumzi kulianza lini?"

"Si zamani. Tangu mfungo."

"Muongo," Mwajabu alisema.

Alikuwa amejiahidi kukaa kimya, lakini ulimi ulikuwa umeshatoka. "Ilianza kabla ya mfungo. Alikuwa anatoka msikitini, anasimama kwenye nguzo, anasimama tena dukani kwa Mangi. Mwanzo alikuwa anasimama mara moja. Na miguu ilivimba, ndiyo akaacha viatu, akanunua sendozi. Akilala ubavu huu anakohoa. Mito ilikuwa miwili, ikawa mitatu, kisha akahamia kwenye kiti. Hayo yote ni kabla ya mfungo."

Kokushubila alikuwa ameacha kutazama kioo kwa mara ya kwanza. "Endelea, dada."

Mwajabu aliendelea. Alisema habari za chakula, za kikohozi, za siku alizorudi mapema kutoka kazini akadai kwamba umeme umekatika. Khalfani alilala amefumba macho, kama mtu anayesomewa mashtaka.

"Umemwangalia vizuri," alisema Kokushubila.

"Nilikuwa natafuta kingine."

Yule binti alicheka, kicheko kifupi cha puani, kisha akarudi kwenye kazi yake. Alipima sehemu moja, akafuta, akapima tena, akafuta. Mara ya tatu Mwajabu hakuweza kuvumilia.

"Umeona nini hapo?"

"Daktari atawaambia."

"Umeona kitu. Unarudia pale pale."

"Narudia kwa sababu sitaki kumpa daktari kipimo ninachokitilia shaka."

"Niambie. Mwanamke kwa mwanamke."

Kokushubila aliinua kile kifaa, akamfuta Khalfani jeli kwa karatasi, akamfunika kifua kwa shati lake. "Nikikuambia mie leo nikakosea, utaondoka na maneno yangu, na hutayasahau. Subiri Jumamosi."

Mwajabu aliutafuta uso wake kama alivyozoea kuzitafuta nyuso za wanawali, aone hofu iko wapi. Hakupata kitu. Hasira ilimpanda, kisha ikashuka, akamfunga mumewe vifungo vya shati.

Jumamosi Dokta Brightson aliwaambia kwamba kilango kimebana sana, ni makovu ya ile homa ya utotoni, na dawa peke yake hazitatosha. Kulikuwa na madaktari wageni waliotarajiwa kuja kupasua moyo mwaka unaofuata, na Khalfani aliandikwa. Miezi ile ilikuwa mirefu. Mwajabu alihakikisha anameza vidonge, akampeleka kuchomwa sindano kila mwezi, akamzuia kunyanyua hata ndoo. Zuena alipokuja na habari nyingine, Mwajabu alimwambia mkeka unaoshwa.

Khalfani alipasuliwa, akapona. Hakurudi kuwa yule wa kunyanyua geti peke yake. Alikaa karakanani kwenye kigoda, akichora maua ya madirisha kwa chaki sakafuni, na Jamali akachomelea.

Wivu haukuondoka. Walipokwenda Sinza kupimwa baada ya upasuaji, Khalfani alimwona Kokushubila akachangamka, akaanza kumsimulia habari za wodini, nani alikoroma na nani alilia, na Mwajabu akauhisi mgongo wake ukikakamaa palepale kwenye stuli. Mwanamke yule alikuwa amevaa pete mpya. Mwajabu aliiona, akampongeza, na bado mgongo haukulegea.

Alasiri hiyo, waliporudi, Mwajabu alikaa na mumewe barazani anachambua mchele. Khalfani alikuwa amenyamaza, kama kawaida yake nyumbani.

"Ile homa ya Kimbiji," Mwajabu alisema, bila kuinua macho kwenye ungo. "Uliilalia msimu mzima, magoti yamevimba. Miaka yote hii mie sijaisikia. Yeye kaisikia akiwa anakupaka jeli."

"Aliniuliza."

"Na mie nakuuliza."

Khalfani alimtazama, aone kama ni ugomvi. Kisha akasogeza kigoda kutoka kwenye jua.

"Nilikuwa na kama miaka minane," alisema. "Tulikuwa tumetoka shambani kuchuma korosho. Jioni goti likaanza kuuma, nikadhani nimejigonga. Asubuhi siwezi kusimama. Mama akanibeba..."

"Goti lipi?" Mwajabu aliuliza, akauweka ungo chini. "La kulia au la kushoto?"